Kompyuta iliyokawia kulala: kisa cha steshenari moja ya Sinza

Mashine yenyewe ni ya kawaida kabisa kwa steshenari za Dar es Salaam. Ni kompyuta ya mezani ya mtumba, katika zile zinazokuja kwa makontena baada ya maofisi ya nje kuzichoka: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi) ya GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500 na Windows 10. Ipo Sinza, kwenye duka linalohudumia wanafunzi wa Mlimani na watu wa mtaani wanaokuja kutoa kopi za vitambulisho, kuprinti CV na kujazwa fomu za mtandaoni. Kazi haiji mfululizo. Asubuhi kuna foleni, mchana panatulia, jioni panachangamka tena. Mwenye duka, mama anayefuatilia uniti za LUKU kuliko anavyofuatilia simu yake, aliwaagiza vijana wake wailaze mashine kila panapotulia badala ya kuizima, maana ikizimwa inachukua muda kuwaka na mteja mwenye haraka anahamia duka la jirani.

Tatizo likawa hapo kwenye kulala. Ukibonyeza kitufe cha kulaza, skrini inakuwa nyeusi papo hapo, lakini feni inaendelea kuvuma na taa ya mbele inabaki imewaka. Inapita dakika nzima, wakati mwingine karibu mbili, ndipo kila kitu kinanyamaza na taa inaanza kupepesa kuonyesha kwamba sasa imelala. "Kama mtoto aliyefumba macho huku anasikiliza maongezi ya wakubwa," mama alinieleza kwenye simu, na kusema kweli sijapata maelezo mazuri kuliko hayo kutoka kwa mteja.

Kama ingekuwa kero tu, asingeniita. Dada wa kaunta, akifunga duka jioni, hakuwa na subira ya kusimama gizani akisikiliza feni. Alikuwa akibonyeza kulala, skrini ikizima anahesabu imekwisha, anazima swichi ya ukutani na kushusha shata. Kesho yake mashine inawaka kwa maandishi ya kukagua diski, na kazi ya mteja iliyoachwa wazi bila kuhifadhiwa haipo. Mwanafunzi mmoja alikuja kuchukua ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo akakuta kurasa za mwisho hazipo. Hapo ndipo simu yangu ilipoita.

Kabla yangu walikuwa wamepita mafundi wawili. Wa kwanza alipiga Windows upya. Kwa mafundi wengi wa hapa mjini, kupiga Windows ndiyo panadoli ya kila ugonjwa, na siwalaumu sana, mteja hulipia kitu anachokiona kikibadilika. Haikusaidia. Wa pili alisema RAM ni ndogo, akaongeza kutoka GB 4 hadi GB 8. Mashine ikawa nyepesi wakati wa kazi, hilo wote dukani walikiri. Ila kulala ndiko kulizidi kuchelewa.

Hizo habari mbili zilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichobeba kwenye begi. Kosa linaloendelea baada ya Windows mpya haliko kwenye takataka za programu zilizorundikana. Ama ni kifaa, ama ni kitu ambacho Windows mpya inakuja nacho. Na kitu kinachochelewa zaidi ukiongeza RAM kina uhusiano na kilichomo ndani ya RAM.

Nilipofika nilianza kwa kuuliza swali linaloonekana la kijinga: "haitaki kulala" maana yake nini hasa? Maana kuna malalamiko mawili yanayovaa nguo moja. La kwanza ni mashine isiyojilaza yenyewe ukiiacha muda uliopangwa. La pili ni mashine uliyoiamuru ilale, ikakubali, lakini inachukua muda kufika huko. Sababu zake hazifanani hata kidogo, na ukizichanganya utashinda kutwa ukigusa mipangilio isiyohusika. Dukani hapo yalikuwepo yote mawili. Hili la pili ndilo lililoharibu kazi za watu, kwa hiyo nilianza nalo.

Mashine inafanya nini katika zile dakika mbili

Kulala kwa kompyuta ya mezani ya kizazi hicho kunaitwa S3, kwa mujibu wa ACPI, kanuni za kusimamia umeme wa kompyuta, ambazo Intel, Microsoft na Toshiba walizitoa mwaka 1996. Katika S3 karibu kila kitu kinakatiwa umeme isipokuwa RAM, ambayo inaendelea kupewa umeme kidogo ili isisahau. Ukibonyeza kulala, Windows inazitangazia programu zote zijiandae, na inazipa kama sekunde mbili tu. Kisha inazipitia draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, kila moja ilaze kifaa chake: kadi ya mtandao, printa, sauti, diski. Mwisho inaikabidhi bodi kazi ya kukata umeme. Kwenye mashine isiyo na kasoro, safari yote hiyo ni ya sekunde chache.

Lakini tangu Windows Vista ya mwaka 2007 kuna hatua nyingine inayoingizwa katikati, na kwenye kompyuta za mezani inakuja ikiwa imewashwa: usingizi mseto. Kabla ya kulala, Windows inanakili kilichomo kwenye RAM na kukiandika kwenye diski, katika faili iliyofichwa inayoitwa hiberfil.sys, ndipo inaingia S3. Umeme ukikatika mashine ikiwa imelala, RAM inapoteza kila kitu, lakini ukiwasha inasoma ile nakala ya kwenye diski na kukurudisha pale ulipoachia. Kwenye laptopu hatua hiyo huwa imezimwa, kwa sababu laptopu ina betri yake.

Skrini kuwa nyeusi, basi, hakuna maana kwamba mashine imelala. Ilikuwa inaandika, na dada alikuwa anaikata ikiwa katikati ya sentensi.

Hayo nilikuwa nayashuku tu, na shuku haitoshi kumwomba mtu hela. Nilifungua kidirisha cha amri kama msimamizi nikaandika powercfg /a. Amri hiyo inaorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza. S3 ilikuwepo, haibaneti (kuandika RAM kwenye diski kisha kukata umeme wote) ilikuwepo, na usingizi mseto ulikuwepo. Nikaingia kwenye mipangilio ya kina ya umeme, chini ya kipengele cha usingizi: mseto umewashwa, kama alivyouacha yule fundi aliyepiga Windows. Yeye hakuuwasha, ulikuja wenyewe, na ndiyo maana kazi yake haikubadilisha kitu.

Jaribio lililoamua ni jepesi na halihitaji programu yoyote. Niliiwasha mashine upya, sikufungua kitu, nikailaza huku nimeshika saa ya simu. Ilichukua chini ya nusu dakika. Kisha nikamwomba dada afungue kazi kama anavyofungua siku yenye foleni: brauza yenye tabu za fomu, barua pepe na muziki, nyaraka kadhaa za Word, picha za pasipoti kwenye programu ya kuhariri. Nikailaza tena. Dakika moja na sekunde hamsini. Nikachomoa printa, skana na flashi zote, nikarudia na mzigo uleule. Muda haukubadilika.

Hapo draiva zikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Draiva yenye matatizo huchelewesha kwa kiasi kilekile au kwa kubahatisha, haijali umefungua tabu ngapi. Ucheleweshaji unaopanda na kushuka kufuatana na ujazo wa RAM ni wa kuandika. Na ile RAM iliyoongezwa ikaeleweka pia: ilipokuwa GB 4, sehemu ya kazi ilikuwa tayari imesukumwa kwenye diski muda wote wa matumizi, ndiyo maana mashine ilikuwa nzito. Ilipofika GB 8, kazi yote ikabaki kwenye RAM, ikawa inasubiri kuandikwa kwa mkupuo mmoja wakati wa kulala. Fundi wa pili alitibu ugonjwa wa kweli, ila haukuwa ule aliolalamikiwa.

Uthibitisho wa mwisho uko kwenye kumbukumbu za matukio za Windows, mahali ambapo wengi hawapafungui. Kila mashine inapoamka, chanzo kinachoitwa Power-Troubleshooter kinaandika tukio namba 1. Ukurasa wake wa kwanza unaonyesha tu saa ya kulala, saa ya kuamka na kilichoiamsha. Ukifungua maelezo yake ya ndani utakuta mistari mingine, na mmojawapo unaitwa HiberWriteDuration, muda uliotumika kuandika RAM kwenye diski, kwa milisekunde. Wa kwetu ulikuwa unakaribia 97,000. Yaani katika zile sekunde mia moja na kumi, zaidi ya tisini ni za kuandika.

Dawa inayojulikana, na kwa nini sikubaki nayo

Ukiuliza popote, utaambiwa uandike powercfg /h off na tatizo limekwisha. Ni kweli litakwisha. Amri hiyo inafuta faili ya hiberfil.sys, inaondoa haibaneti, na kwa kufanya hivyo inaua usingizi mseto pamoja na ule uwashaji wa haraka wa Windows. Mimi kwa kupima tu nilizima mseto peke yake kwenye mipangilio ya umeme. Mashine ikalala kwa sekunde zisizofika saba, na mzigo uleule. Mama akapiga makofi. Ningeweza kupokea hela yangu na kuondoka.

Lakini tazama mazingira. Duka liko Sinza, umeme unaweza kukatika muda wowote bila taarifa. UPS, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, ipo chini ya meza, ila betri yake ilikufa zamani, inatumika kama ekstensheni tu. Dada analaza mashine ikiwa na nyaraka za wateja watatu ziko wazi. Ukizima usingizi mseto katika mazingira hayo, kila umeme ukikatika mchana mashine ikiwa imelala, kazi hiyo imepotea, na safari hii hakuna swichi ya ukutani ya kulaumiwa. Tungekuwa tumeondoa dakika mbili za kusubiri kwa kuuza kinga yenyewe. Ushauri wa kuzima haibaneti mara nyingi unatoka kwa watu ambao umeme wao haukatiki, na kwao ni ushauri mzuri tu.

Kwa hiyo swali likageuka. Badala ya kuuliza namna ya kuizuia isiandike, nikauliza kwa nini kuandika kunachukua muda wote huo.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Windows inakandamiza data kabla ya kuiandika, kwa hiyo RAM yenye GB 6 za kazi inaweza kuteremka hadi chini ya GB 3. Diski ya mezani isiyo na kasoro, ya mizunguko 7,200 kwa dakika, inaandika MB 100 kwa sekunde au zaidi ikiandika mfululizo. GB 2.7 zingechukua kama sekunde 27. Sisi tulikuwa tunatumia tisini na kitu. Nilipoipima, diski ilikuwa inaandika MB 28 kwa sekunde, na mara kwa mara inasimama kabisa kisha inaendelea.

Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski. Rangi ya njano. Mstari wa 05, wa sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kuhamishwa, ulikuwa na namba inayoonekana. Mstari wa C5, wa sekta zinazosubiri uamuzi, nao haukuwa sifuri. Sekta ya C5 ni ile ambayo diski imeshindwa kuisoma vizuri na haijaamua kama ni nzima au imekufa. Ukija kuandika juu yake, diski inasita, inajaribu, pengine inaihamishia kwenye akiba. Kusita huko ndiko kulikoonekana kwenye kipimo. Na hiberfil.sys inakaa palepale kwenye diski ikishatengwa. Kama sehemu yake imeangukia kwenye eneo bovu, kila ukilaza unapita kwenye mashimo yaleyale. Kukatiwa umeme katikati ya kuandika, jioni baada ya jioni, huenda kuliongeza mashimo. Siwezi kuapa juu ya hilo, diski yenyewe ilikuja na umri wake kutoka ilikotoka.

Nikamweleza mama kwa maneno haya: "Mama, kompyuta haijagoma kulala. Diski inakufa, na kuchelewa kulala ndiko kumetuambia mapema." Akauliza kama ni namna ya kumuuzia diski. Swali la haki kabisa. Nikamwonyesha namba ya C5, nikamwambia amwite fundi mwingine yeyote aiangalie. Akatafakari kidogo, akasema, "Basi nenda Kariakoo kesho, ila risiti uniletee."

Kubadilisha

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha mafaili ya wateja kwenye diski ya nje, kabla ya kitu kingine chochote. Diski yenye sekta zinazosubiri haifai kupewa mitihani mirefu ya kuikagua huku data bado imo. Mafaili mawili yalikataa kusomeka, bahati nzuri yote yalikuwa ya zamani.

Sikuinakili diski yote kwenda SSD mpya, ile diski isiyozunguka. Kunakili kutoka kwenye diski mbovu kunawezekana, lakini unaweza kubeba mafaili ya mfumo yaliyoharibika bila kujua. Safari hii, basi, mimi mwenyewe nilipiga Windows, na dada hakuacha kunitania kwa hilo. Nilimwambia mama pia kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yake haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. Mashine hii itamtumikia, ila fedha ya mashine inayofuata aanze kuiweka.

Kwa SSD ya GB 240, mzigo uleule wa foleni, usingizi mseto ukiwa umewashwa, mashine inalala ndani ya sekunde kumi na kitu. Mstari wa HiberWriteDuration ulishuka hadi milisekunde elfu saba na ushei. Kisha nikafanya jaribio ambalo mama alitaka kuliona kwa macho yake: nikailaza na waraka ulio wazi, nikasubiri taa ipepese, nikazima ukutani, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Waraka ukarudi pale kiashiria kilipokuwa kimeachwa.

Kuna watakaouliza kama kuandika GB 2 au 3 kila ukilaza hakutamaliza SSD. Piga hesabu: kulaza mara nne kwa siku ni GB 8 hadi 12, na kwa mwaka haifiki TB 5. SSD za ujazo huo kwa kawaida zimekadiriwa kuvumilia makumi ya TB. Kibodi ndiyo itakayotangulia kufa.

Likabaki lile lalamiko la kwanza, la kutojilaza yenyewe. Hili lilikuwa jepesi. Amri ya powercfg /requests inataja nani anaizuia mashine isilale, na ilitaja wawili. Mmoja ni sauti: tabu ya muziki kwenye brauza, ambayo dada huiacha ikicheza singeli hata akiwa ameenda kununua chakula. Wa pili ni srvnet, draiva ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao. Kompyuta ndogo ya nyuma, inayotumika kwa kuprinti, ina njia ya mkato ya folda iliyoko kwenye hii kubwa, na ilikuwa inaigusa kila baada ya muda mfupi. Kwa Windows, huyo ni mteja wa mbali anayehudumiwa, na mwenye mteja hawezi kulala.

Njia ya kuipuuza ipo, powercfg /requestsoverride, lakini sikuitumia. Ukiipuuza srvnet, siku kijana wa nyuma anaprinti ripoti ya kurasa mia kutoka kwenye folda hiyo, kompyuta ya mbele itajilalia katikati ya kazi. Nilichofanya ni kuondoa ile njia ya mkato kwenye mashine ya nyuma, wakawa wanafungua folda pale tu wanapoihitaji. Muziki nao ukahamia kwenye simu na spika ndogo ya bluetooth.

Mama aliuliza kama, siku akinunua betri mpya ya UPS, tuzime sasa huo usingizi mseto tuokoe hata hizo sekunde kumi. Kwa mwenye inverta iliyofungwa vizuri, au UPS inayoweza kushikilia mashine iliyolala kwa saa nyingi, ningesema ndiyo bila kusita, kwani kompyuta iliyo kwenye S3 inakula wati chache tu. Kwake nilisema hapana, kwa sababu jioni dada bado anazima swichi ya ukutani akifunga, na ataendelea kuizima. Sasa anasubiri tu taa ianze kupepesa kwanza.